Kwa nini maua ya kitambaa yanasimama Arusha, yakifika Dar yanalala?

#1 Binti wa Segerea
Wakuu, habari zenu.

Natengeneza maua ya kitambaa. Si yale bapa ya kubandika, nazungumzia ua lenye umbo kamili: petali zimejikunja, jani lina mishipa, unaweza kulizungusha mkononi ukaliona kila upande. Nauza kwa mafundi wa magauni na kwa wapambaji. Vitambaa nanunua Kariakoo, Mtaa wa Uhuru: satini, na pamba nyeupe ambayo naipaka rangi mwenyewe. Vyote viwili natia wanga.

Shida yangu ni hii. Ua nikilimaliza limesimama vizuri kabisa. Likikaa mezani siku mbili tatu, petali za nje zinaanza kushuka na majani yanajinyoosha. Sasa nina ndugu yangu yuko Arusha. Tulifundishwa na mtu mmoja, anatia wanga ule ule ninaotia mimi, na ya kwake yanasimama miezi. Mwezi uliopita alinitumia boksi la mawaridi kwa basi. Yalifika wima, wiki haikuisha yakalala.

Kwa hiyo naona si suala la mkono. Ni mji. Nataka kujua ni kitu gani hasa cha Dar kinachoyaangusha, na ninyi wa huku mnafanyaje. Nawasilisha.

#2 Kijana wa Buza
Uzi bila picha dada? Tupia hata moja tuone limelala namna gani.

#3 Pwani Halisi
Jibu liko ndani ya swali lako. Ni wanga. Dar asubuhi nyingi unyevu wa hewa unapita asilimia 80, na wanga unakunywa maji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake haina mvuke mwingi kama wetu. Wewe unatia wanga jioni, alfajiri hewa inaulowesha, mchana unakauka, alfajiri unalowa tena. Petali haiwezi kuvumilia hivyo.

Achana na wanga. Tumia gundi nyeupe ya mbao, izimue kwa maji, chovya, anika. Kwisha habari.

#4 Fundi Mburahati
Haijaisha, @Pwani Halisi. Unamtibu mgonjwa hujampima.

Mimi nashona magauni ya harusi na kitu cha kwanza ninachouliza ni kitambaa. Satini inayouzwa Kariakoo karibu yote ni polista. Polista hainywi wanga, unakaa juu juu tu kama vumbi jeupe, ukiikunja unapukutika. Sasa dada anasema anatia wanga kwenye vyote viwili. Na hiyo pamba nyeupe nani kakuambia ni pamba? Muuzaji?

Fanya hivi leo. Chomoa nyuzi chache za mtande (zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa) na chache za mshindio (zinazokatiza upana), zichome mbalimbali, usizichanganye. Pamba inaungua haraka, harufu ya karatasi, majivu laini ya kijivu yanayosagika kwa kidole. Polista inajivuta kabla moto haujaigusa, inayeyuka, inaacha kishanga kigumu cheusi. Hariri inanuka nywele zilizoungua. Halafu uje hapa utuambie ulichonacho, ndipo tuzungumze hewa ya Dar.

Hata vitenge siku hizi pima hivyo hivyo. Vingi vinavyong'aa ni polista tupu.

#5 Mwalimu Kidato cha Tatu
Nafundisha kemia, naomba niongeze kwa @Fundi Mburahati.

Pamba ni selulosi. Minyororo yake inashikana kwa viungo vidogo vya haidrojeni. Maji yakiingia viungo vinaachia, kitambaa kinakubali umbo jipya. Maji yakitoka vinashikana tena pale pale kilipo. Ndiyo maana tunanyunyizia maji kabla ya kupiga pasi. Ubaya wake ni kwamba mlango haufungwi. Mvuke wa hewa ukiingia viungo vinaachia tena, uzito wa petali unaivuta chini, jua likitoka petali inakauka ikiwa imeshalala. Akina dada wanalijua hili kwa nywele zilizonyooshwa kwa kitana cha moto zikikutana na manyunyu. Ni kemia ile ile.

Polista ni plastiki, maji haiyajali. Inalainika kuanzia kama nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi na inayeyuka karibu na 260. Ukiipa umbo katikati hapo, ukaiacha IPOE ikiwa ndani ya umbo, inalishika. Pasi yenye nukta moja ni kama nyuzi 110, nukta mbili 150, nukta tatu 200. Kwa hiyo ua la polista lipewe umbo kwa joto. Ua la pamba lipewe kwa maji, kisha litafutiwe kitu cha kulifunga.

Na kuhusu gundi nyeupe ya @Pwani Halisi: gundi ile hulainika kuanzia kama nyuzi 30. Januari na Februari mchana wa Dar unafika huko na kupita. Umemhamisha dada kutoka kwenye unyevu ukamweka kwenye joto.

#6 Pwani Halisi
Mwalimu, ninayo maua ya gundi sebuleni kwangu Mbagala na yamesimama. Nadharia nzuri ila maua yangu hayajaisoma.

#7 Mwalimu Kidato cha Tatu
Ni makubwa au madogo? Yana waya?

#8 Pwani Halisi
Madogo. Waya yanao.

#9 Mwalimu Kidato cha Tatu
Basi kilichosimama ni waya.

#10 Kijana wa Buza
😂😂 Naweka kiti hapa.

#11 Dobi Mstaafu
Vijana mnaulaumu wanga bure. Nimefua na kutia wanga kofia za viua maisha yangu yote Ilala. Kofia inavaliwa Ijumaa, jua kali, jasho la kichwa, inarudi nyumbani imesimama. Kama hewa ya pwani ingekuwa inaua wanga, Waswahili wasingevaa kofia ya wanga vizazi na vizazi.

Siri iko kwenye kuupika. Wengi wanakoroga unga wa wanga kwenye maji ya uvuguvugu wanachovya. Huo ni mbichi. Wanga koroga kwanza na maji baridi usifanye madonge, halafu mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, uache uchemke mpaka ubadilike, uwe unaona upande wa pili kama kioo chenye ukungu. Chuja kwa kitambaa. Unapoa kidogo ndipo unachovya. Halafu kitu kikaukie ndani ya umbo lake. Kofia inakaukia kwenye kibao chake, haianikwi kwenye kamba. Nyie petali mnaanika wapi?

#12 Binti wa Segerea
Shikamoo mzee. Naanika kwenye kamba, kwa kibanio, zikikauka ndipo nazikunja.

#13 Dobi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Ndiyo hapo. Wanga unakauka ukiwa umenyooka, halafu unauvunja kwa mkono. Umevunjika huo, haufanyi kazi tena.

#14 Pwani Halisi
Mzee heshima yako, lakini kofia ni duara, kila upande unaushikilia mwenzake. Petali imeshikwa mahali pamoja tu, chini. Huwezi kulinganisha.

#15 Mama Tabata Maua
Nimesoma wote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anakataje.

Binti, nadhani unapanga petali kwenye kitambaa kwa kufuata ukingo ili kitambaa kisipotee. Wengi tunaanza hivyo kwa sababu ya bei. Petali iliyokatwa kwa kufuata uzi ulionyooka haina pa kwenda. Unailazimisha ijikunje, uzi wa mtande uko wima ndani yake unavuta kurudi. Utaitia wanga, gundi, chochote, siku uzi ukipata nafasi unajinyoosha. Jani linalojinyoosha likawa bapa, kama ulivyosema, ni alama ya hilo.

Kata kwa hanamu. Weka ncha ya petali na kitako chake kwenye mstari wa mshazari, kona hadi kona. Petali ya hanamu unaichukua ukingo wake kwa vidole gumba viwili, unauvuta taratibu kutoka katikati kwenda nje, inajikunja yenyewe hata kabla ya joto au maji. Katikati ukiisukuma kwa kidole gumba inaingia ndani ikawa bakuli. Hakuna anayeilazimisha. Na ukingo wa hanamu hauchanuki nyuzi kama ule wa kufuata mtande, faida ya pili hiyo.

Jani nakata vipande viwili vya hanamu, nabandika mgongo kwa mgongo, waya katikati ndio uti wa jani. Kikiwa bado na unyevunyevu nakiweka kwenye kalibu ya plasta niliyoipiga kwa jani halisi la mkungu. Mkungu una mishipa imesimama vizuri, jani la mwembe mishipa yake haizami sana. Unakandamiza kwa sponji, unaacha mpaka likauke kabisa. Majani yangu yamepita masika mbili hayajalala.

#16 Fundi Mburahati
Mama Tabata ana hoja ila kitambaa kitamlia sana. Kwa hanamu unapoteza pembe zote.

#17 Mama Tabata Maua
Pembe natengenezea maua madogo. Hakuna kinachotupwa.

#18 Binti wa Segerea
Nimerudi na majibu ya moto. Satini: imejivuta, kishanga cheusi. Polista kama alivyosema fundi. "Pamba" yangu: imeungua, harufu ya karatasi, lakini ndani ya majivu kuna vipunje vigumu, na nyuzi za pande zote mbili ziko hivyo hivyo.

Na kweli nakata kwa kufuata ukingo.

#19 Fundi Mburahati
Hiyo si pamba, ni tetroni. Pamba na polista ndani ya uzi mmoja. Kwa shati la shule hakuna bora yake. Kwa ua inakusumbua kwa sababu nusu yake inataka maji na nusu inataka moto, na kila dawa utakayoipa inaponya nusu tu. Ndugu yako Arusha ananunua wapi? Muulize naye achome.

#20 Kijana wa Buza
Mimi sista wangu anatumia mshumaa. Anachoma ukingo wa satini, ukingo unaungua unakuwa mgumu, petali inajikunja, basi. Hana wanga wala kalibu.

#21 Mwalimu Kidato cha Tatu
Hauungui, unayeyuka kisha unaganda. Ukiona umeungua, rangi imebadilika kuwa kahawia, sista kasogeza karibu mno. Mwali wa mshumaa unapita nyuzi 1,000 na polista inataka sehemu ndogo tu ya hizo. Ashike petali pembeni ya mwali, chini karibu na utambi. Akishika juu ya ncha anaokota masizi na satini nyeupe inaharibika.

Na tafadhali: dirisha wazi, nywele zimefungwa, mtandio umevuliwa, ndoo ya maji karibu, watoto mbali. Organza, kile kitambaa chepesi kinachopenyeza mwanga, ikishika moto inadondosha matone yanayowaka, yakigusa ngozi yanang'ang'ania.

#22 Chuma cha Gerezani
Mshumaa unakunja ukingo tu, tumbo la petali linabaki bapa. Mnachotaka ni vifaa vya kupiga umbo kwa joto. Watengenezaji wa maua ya nguo Ufaransa na Japani wanatumia vipira vya chuma vyenye mpini, vinapashwa moto, vinakandamizwa kwenye petali iliyolazwa juu ya mto mdogo. Kuagiza ni ghali. Gerezani tunatengeneza.

Tafuta gololi za beringi mbovu, ya ukubwa wa njegere, ya ukubwa wa zabibu, na moja kubwa. Zichomelewe kwenye vipande vya nondo nyembamba, upande wa pili mpini wa mbao. Pasha kwenye jiko la mkaa, futa majivu kwa kitambaa kibichi, JARIBU kwenye kipande cha kutupa. Ikishika na kung'aa vibaya ni moto mno, subiri. Halafu bonyeza katikati ya petali kwa kuzungusha. Utaona kitambaa kinazama na kingo zinainuka pande zote. Toa gololi, acha petali ipoe palepale, usiinue. Chini weka sponji ya godoro.

#23 Mama Tabata Maua
Sponji ya godoro inayeyuka kwa gololi ya moto na moshi wake haufai. Shona kimfuko cha kitambaa cha pamba, jaza mchanga mkavu uliochekechwa. Unapokea umbo vizuri kuliko sponji na hauungui.

#24 Chuma cha Gerezani
Mchanga sawa, nimeuelewa. Asante mama.

#25 Kigamboni kwa Bahari
Mnasahau waya. Huku kwetu upepo wa chumvi unakula chuma mpaka misumari ya bati. Watu wa maua ya bei nafuu wanatumia waya za kufungia nondo. Ndani ya jani lililobandikwa kwa gundi ya maji, waya unapata kutu kutoka ndani, unadhoofika, jani linashuka. Kabla halijashuka utaona mstari wa kahawia kwenye kitambaa cheupe. Binti, fungua jani moja uangalie.

Mimi nachukua waya za shaba kwa mafundi wa kusuka mota. Mabaki yao ya nyembamba wanakupa kwa bei ndogo. Zimepakwa vanishi, hazipati kutu, zinapinda bila kukatika. Ubaya wake ni laini, kwa ua kubwa unasokota tatu pamoja.

#26 Binti wa Segerea
Nimefungua. Mstari upo, mwepesi. Lakini petali hazina waya na ndizo zinazoanza kulala.

#27 Bwana Miti
Naomba nilete upande wa ua lenyewe. Nafanya kazi kwenye bustani ya miti na maua, si fundi.

Petali halisi inasimama kwa sababu chembe zake zimejaa maji yanayosukuma kuta kutoka ndani. Ukikata ua ukaliacha bila maji, linalala. Kitambaa hakina msukumo huo, kwa hiyo umbo peke yake ndilo linalobeba mzigo. Sasa angalieni maua yetu yanavyojengwa kabla ya kuamua wanga au gundi.

Chukua mkrismasi, ule wa Madagaska uliojaa barabara za Dar, unaowaka Novemba na Desemba. Okota ua moja chini. Petali tano. Nne nyekundu, kila moja ina shina jembamba chini halafu inapanuka ghafla. Ya tano imesimama juu peke yake, ina weupe na njano na madoa mekundu, kingo zake zimekunjamana. Katikati stameni (vijiti vya chavua) 10 ndefu. Ukilikata ua hili kwa kitambaa kama lilivyo litalala Dar, Arusha na Makete, kwa sababu uzito wote uko kwenye ncha na kitako hakina kitu. Lazima kila shina la petali liwe na waya.

Waridi ni tofauti. Petali zinapishana, ya nje inaegemea ya ndani, chini kuna sepali, vile vijani vya kijani kwenye kitako cha ua, zinazoshika. Kwa hiyo waridi la kitambaa likilala mimi naangalia mpangilio. Petali ya safu ya pili isikae nyuma kabisa ya petali ya safu ya kwanza, ikae kwenye pengo. Mmea unazungusha kila kiungo kipya kwa karibu nyuzi 137 na nusu kutoka kilichotangulia, haviwi kimoja juu ya kingine. Na sepali ziwe ngumu kuliko petali. Wengi wanaweka sepali kama pambo la kijani, kumbe ndizo kiti.

#28 Mwana wa Lushoto
Bwana Miti usiisahau Usambara! Ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima inaliweka dirishani, Saintpaulia, ni la kwetu. Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta Usambara mwaka 1892, na Hermann Wendland akaliandika kisayansi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia ionantha. Sijawahi kuona fundi wa Dar akilitengeneza. Mnatengeneza mawaridi ya Ulaya tu.

#29 Bwana Miti
Kweli kabisa, ingawa mwaka 2015 wataalamu walilihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus. Na kwa kitambaa ni ua zuri la kuanzia: petali mbili ndogo juu, tatu kubwa chini, stameni za njano katikati. Fupi, halina pa kulala. Jani lake ni nene na lina vinyweleo, kwa hiyo mahameli ya kijani iliyokoza ndiyo itakayofanana nalo.

#30 Bi Asumini
Na sisi tunaopenda asumini? Natamani kikuba cha kitambaa cha kuweka kwa bibi harusi, kisinyauke kabla sherehe haijaisha.

#31 Dobi Mstaafu
Kikuba bila harufu ni nini mwanangu? Asumini ni harufu. Umbo lake dogo tu, hata halionekani kwa mbali.

#32 Bi Asumini
Harufu naweka babu. Nafukiza udi ndani ya boksi lenye maua ya pamba nafunika. Yanakaa na harufu mpaka siku ya sherehe. Rehani naweka ya kweli, majani yake yanavumilia. Marashi ya maji sinyunyizii, yanalowesha petali zinalala papo hapo.

#33 Pwani Halisi
Mmeona? Maji tena. Tunarudi kwenye unyevu.

#34 Mkono wa Jelatini
Nimeshangaa hakuna aliyeitaja jelatini. Maua ya nguo ya kizamani ya Ulaya yaliimarishwa kwa jelatini. Unayeyusha kwenye maji ya moto, nyepesi, unachovya kitambaa KIZIMA kabla ya kukata, unakitandaza kikauke kikiwa kimenyooka. Kinakuwa kigumu kama karatasi nzuri. Ndipo unakata, kingo hazichanuki, halafu unapiga gololi ya moto. Joto linailainisha jelatini, umbo linaingia, ikipoa linabaki. Kwa pamba na hariri sijaona kinachoishinda.

#35 Mama Tabata Maua
Nayo inalainika kwa unyevu. Na mende wanaipenda kuliko wanga.

#36 Mkono wa Jelatini
Mende wanakuja kwa vyote viwili mama, funga boksi vizuri.

#37 Bi Asumini
Samahani, jelatini inatoka kwa mnyama gani? Wateja wangu wengi ni Waislamu na maua yanavaliwa kichwani siku ya nikaha.

#38 Mkono wa Jelatini
Swali zuri. Ipo ya nguruwe na ipo ya ng'ombe. Nunua yenye alama ya halali, ile ya ng'ombe, hifadhi paketi yake mteja akiuliza umwonyeshe. Mteja asiyeridhika mtengenezee kwa wanga.

#39 Mpambaji wa Kinondoni
Nasoma kimya tangu juzi. Mimi nanunua maua haya, sitengenezi, naomba niseme ninachokiona ukumbini.

Kumbi zenye viyoyozi vinavyofanya kazi, maua yote yanasimama. Ya wanga, ya gundi, ya kila mtu. Sendofu za bustanini karibu na bahari, kufika saa mbili usiku ya pamba yanaanza kuinama, ya satini iliyopigwa moto hayatikisiki. Hapo nakubaliana na mwalimu. Lakini nimeona pia satini ikianguka mchana: niliacha boksi ndani ya gari lililofungwa juani, gundi ile ya fimbo ya kuyeyusha ikalainika, petali zikachomoka nzima nzima zikiwa bado na umbo lake. Kwa hiyo wengine wanaposema ua "limelala", kitambaa hakina shida, kilichoachia ni gundi. Wapambaji wengi hatutofautishi, tunamlaumu fundi.

Kitu kingine ni usafirishaji. Maua yanakuja kwa bodaboda ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, jua linapiga, ndani panatoka jasho. Yanafika mabichi. Mtu anasema Dar, kumbe ni mfuko. Binti, yale ya Arusha yalikuja kwenye boksi la karatasi au la plastiki?

#40 Binti wa Segerea
Boksi la karatasi, ndani mfuko wa plastiki. Yalifika yamesimama lakini.

Nimemuuliza ndugu yangu. Amechoma kitambaa chake: majivu laini, hakuna kipunje. Yeye anatumia pamba halisi. Na anakaushia petali kwenye vijiko, kila petali na kijiko chake, hakuniambia kwa sababu alidhani nafanya hivyo.

Nimejaribu vitu kadhaa nikaviweka dirishani pamoja. Satini iliyopigwa gololi (ahsante Gerezani, wamenichomelea vizuri) haijagusika. Tetroni ya hanamu bila wanga imeshuka kidogo ikasimama hapo. Tetroni ya kunyooka yenye wanga uliopikwa, iliyokaukia kwenye kijiko, imesimama asubuhi zote isipokuwa ile mvua iliponyesha usiku kucha. Pamba halisi ya hanamu yenye wanga wa kijiko, nzuri kuliko zote kwa sura, nayo iliinama kidogo siku ya mvua ile ile.

#41 Pwani Halisi
Siku ya mvua. Nimemaliza.

#42 Mama Tabata Maua
Hanamu bila wanga imesimama. Nimemaliza mimi.

#43 Dobi Mstaafu
Wanga uliopikwa umesimama mpaka mvua. Hata mimi mvua ikinyesha usiku kucha nainama.

#44 Fundi Mburahati
Mnasoma jaribio moja kila mtu anachukua kipande chake. Hamjaona kwamba kilichobadilika kwa ndugu wa Arusha ni KITAMBAA na KIJIKO, siyo Arusha? Na yale mawaridi yake ya pamba halisi yalilala Dar vilevile, kwa hiyo mji nao umo. Hapa bado hatujui kipi kina uzito zaidi. Ingefaa ndugu atumiwe tetroni ya Segerea aitengeneze kule, tuone.

#45 Mwalimu Kidato cha Tatu
Na itumwe mwezi wa Aprili. Arusha nayo ina masika yake, tusiilinganishe Arusha ya kiangazi na Dar ya mvua.

#46 Mshonaji Mpya
Habari. Naomba kuongeza kitu. Kuna sanaa ya Japani inaitwa tsumami, ilishamiri enzi za Edo, 1603 hadi 1868. Vipande vidogo vya mraba vya hariri vinakunjwa kwa kibano, kimoja kimoja, vinapangwa kuwa ua na kubandikwa kwa uji mzito wa mchele. Hakuna gololi ya moto. Tokyo majira ya joto ina unyevu mkali na mapambo yale yanavaliwa. Kinachosimamisha petali ni mkunjo wenyewe, kitambaa kimekunjwa tabaka nyingi kikawa kama bomba. Nimejaribu kwa vipande vya kanga, mji ukiuweka nje na pindo ndani rangi zinatoka vizuri sana. Labda kwa Dar tutengeneze maua ya mkunjo tuache haya ya petali moja moja.

#47 Mama Tabata Maua
Ni mazuri lakini ni sanaa nyingine. Mteja akitaka waridi la begani linalofanana na waridi, mkunjo haumpi.

#48 Mpambaji wa Kinondoni
Kwa kilemba na hereni ungeuza sana. @Mshonaji Mpya weka picha.

#49 Binti wa Segerea
Nashukuru wote. Tetroni namtumia ndugu yangu Aprili, nitaleta majibu hapa hapa. Kwa sasa oda ya harusi niliyonayo naitengeneza kwa satini na gololi, na majani nayapeleka kwenye hanamu na waya wa shaba.

#50 Mwana wa Lushoto
Na lile la Usambara?

#51 Binti wa Segerea
Nalitaka sana. Mahameli nyembamba ya kijani iliyokoza sijaipata, ninazoziona ni nene za makochi, hazikubali kujikunja. Kuna anayejua duka?

#52 Fundi Mburahati
Usitafute kwenye maduka ya makochi. Tafuta wanaouza vitambaa vya magauni ya jioni, uliza mahameli inayovutika. Nenda asubuhi, mchana hawakukatii nusu mita.

#53 Bi Asumini
Ukiipata nunua na yangu, robo tatu tu, nakutumia hela leo.